Maswali yenu: Kruzi na watoto, tuchague kampuni gani?

Swali: Dada habari za kazi. Mimi na mume wangu tumejikusanya muda mrefu tunataka kuwapeleka watoto kruzi, ile safari ya starehe kwenye meli kubwa, mkubwa ana miaka 6 na mdogo siku ya kuondoka atakuwa na mwaka mmoja na nusu. Mume wangu anasema Disney na si kingine, mimi nikiangalia picha za Royal Caribbean naona michezo yote iko huko, alafu wifi yangu ananiambia MSC watoto wanasafiri bure. Tumebishana mpaka tumechoka. Ipi ni nzuri kwa familia? (Mama wawili)

Jibu: Mama wawili, hongereni kwanza kwa kujikusanya. Watu wengi wakianza kuchagua wanaanzia kwa mtoto mkubwa kwa sababu yeye ndo anaomba na yeye ndo ameona matangazo, lakini atakaeamua safari yenu itakuaje ni huyo mdogo. Huyo wa miaka 6 hana shida, kampuni zote kubwa zina klabu ya watoto ya bure itakayompokea na mtakuwa mnambembeleza atoke. Mdogo ndo ana masharti, kwaiyo tuanze naye.

Klabu za bure za Disney na za Royal Caribbean zinaanzia miaka 3, na hiyo 3 iwe ni ya mtoto alieacha nepi kabisa. Chini ya hapo ni neseri, ambayo inapokea kuanzia miezi 6 mpaka anakaribia 3 na inalipiwa kwa saa. Disney wanayo, na nafasi zinawekwa kabla ya safari na zinajaa haraka, kwaiyo mkishalipia tiketi msilale. Royal Caribbean wanayo pia ila sio kila meli, uliza jina la meli kabisa usiulize tu kampuni. Carnival, kampuni nyingine ya kruzi, wanapokea kuanzia miaka 2 na wao hawakatai mtoto wa nepi, jambo ambalo kwa mzazi wa mtoto wa miaka miwili na nusu ni kubwa sana, lakini wako bado hajafika. MSC wana chumba cha wachanga chini ya miaka 3 walichokiandaa pamoja na Chicco, kampuni ya vifaa vya watoto, kuna saa za kukaa nae ukicheza nae na kuna saa za kumwacha, ratiba yake iulizeni mapema.

Alafu kuna jambo la bwawa ambalo wazazi wengi wanaligundua wakiwa tayari wamevaa nguo za kuogelea. Mtoto wa nepi haruhusiwi kuingia bwawa la kawaida la meli, hata zile nepi za kuogelea hazikubaliki, ni sheria ya afya kwenye meli zinazotoka bandari za Marekani na inasimamiwa kwa ukali. Anachoruhusiwa ni sehemu maalum ya maji ya kurukaruka iliyotengenezwa kwa ajili ya wachanga, na sehemu hizo ziko kwenye baadhi ya meli tu. Sasa fikiria siku nzima baharini, jua kali, kaka yake yuko ndani ya maji na yeye analia pembeni. Mimi kwa mtoto wa umri huo hili ningeliuliza kabla hata ya bei.

Kwa hizo tatu zenu naona hivi. Disney ni ghali, mara nyingi ghali kuliko wote hao kwa siku zile zile, lakini kuna vitu mnavyolipia ambavyo ni vya wazazi wenye watoto wadogo kabisa. Vyumba vyao vingi choo kiko peke yake na bafu liko peke yake, kila kimoja na sinki lake, yaani mmoja anamuogesha mtoto na mwingine anapiga mswaki bila kugombana. Chakula cha jioni mnazunguka migahawa tofauti lakini wahudumu ni wale wale wanawafata, kwaiyo siku ya pili tu wanajua mdogo anakula nini. Hakuna kasino. Klabu ya watoto iko wazi mpaka usiku sana bila malipo ya ziada, wakati Royal Caribbean baada ya saa 4 usiku unaanza kulipia kwa saa.

Royal Caribbean ukiichukua, chukua meli mpya. Icon of the Seas iliyoanza Januari 2024 ina mtaa mzima unaitwa Surfside ambao umejengwa kwa familia zenye watoto wa miaka 6 kushuka chini, kuna maji ya wachanga, kuna pembea, na sehemu za kula ziko hapo hapo huhitaji kukokota kigari cha mtoto kupanda deki kumi. Nae mkubwa wenu yuko ukingoni mwa umri huo, atafurahia pale na mitelezo ya maji ataiona, ila mingi inapimwa kwa urefu wa mtoto kwaiyo mpimeni nyumbani kabla hamjamuahidi.

MSC ile ofa ya watoto bure ipo kweli kwa safari nyingi, mtoto alale chumba kimoja na watu wazima wawili na nyie mnalipa kodi na ada za bandari zake. Ni kampuni nzuri kwa Mediterania, matangazo ya ndani ya meli yanatolewa kwa lugha nyingi na watoto wanachanganyika na wenzao wa kila nchi. Mimi kwa umri wa watoto wenu ningeenda Disney kama hela inafika bila kukopa, isipofika ningeenda MSC, na Royal Caribbean ningeisubirisha miaka mitatu hivi mpaka mdogo nae aweze kuingia kila kitu, kwa sababu kulipia meli yenye michezo yote hiyo alafu mmoja wenu yuko chumbani na mtoto kalala inauma.

Swali: Shikamoo dada. Nalea peke yangu mwanangu wa miaka 9. Nimeona tangazo la bei ya chini sana kwa mtu mmoja, nikienda kulipa naambiwa mtoto analipa kama mtu mzima. Nimeibiwa? (Mama wa mmoja)

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Hujaibiwa, ila matangazo haya hayawafikirii watu kama wewe na nakubaliana na hasira yako. Bei ya kruzi inauzwa kwa chumba cha watu wawili, na wawili wa kwanza wanalipa bei kamili hata kama mmoja wao ni mtoto. Punguzo la watoto, na ile bure ya MSC pia, kwa kawaida linamgusa mtu wa tatu na wa nne ndani ya chumba. Kama una dada au rafiki mwenye mtoto mnaeelewana, piga hesabu ya chumba cha wanne, mara nyingi inashuka sana.

Hesabu pia vitu vilivyo nje ya tiketi. Bakshishi ya wahudumu inakatwa kwa kila mtu kwa kila siku, na kwenye kampuni nyingi mtoto wako wa miaka 9 anahesabiwa kama wewe. Intaneti unalipia. Soda kwa Disney zimo kwenye bei ukinywa mezani na kwenye mashine za deki, kwa Royal Caribbean na Carnival unanunua au unachukua kifurushi. Kisiwa cha Royal Caribbean cha CocoCay ufukwe na chakula vimo kwenye tiketi lakini bustani ya mitelezo ya maji ni pesa nyingine, na mtoto ataiona kwa sababu minara yake inaonekana tangu mkiwa melini. Andaa kabla.

Na kwa kuwa uko peke yako na mtoto, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzako iliyothibitishwa na mwanasheria, au hati ya malezi kama unayo. Unaweza usiulizwe hata mara moja, lakini ukiulizwa bandarini na huna, meli haikusubiri. Angalia na viza za kila nchi mnayogusa, kama meli inatoka eneo la Schengen, zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inaingia nchi nyingine alafu inarudi, unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

Swali: Wangu ana miaka 14 na dada yake 12, wote wanasema kruzi ni ya watoto na wazee, hawataki kwenda. Meli gani itawabadilisha mawazo? (Baba matineja)

Jibu: Baba, hapa sasa ndo Royal Caribbean na Carnival wanapata maksi. Carnival Mardi Gras ya 2021 ndo ilikuwa meli ya kwanza kuwa na rola kosta baharini. Royal Caribbean kwenye meli kubwa wana mawimbi ya kuteleza kwa ubao na uwanja wa barafu, Icon ina mitelezo mikubwa sita. Lakini tafadhali usinunue jina la kampuni, nunua meli. Royal Caribbean hiyo hiyo ina Grandeur of the Seas ya 1996, ni meli ndogo, tulivu, watu wazima wanaipenda, ukiwapeleka hao wawili humo watakukumbusha mpaka wakioa na kuolewa.

Kingine kinachowasumbua wazazi ni mipaka ya umri ya klabu. Carnival wanaweka 12 mpaka 14 pamoja, wenu watakuwa chumba kimoja. Disney wana klabu ya 11 mpaka 14 na nyingine ya 14 mpaka 17, kwaiyo mkubwa anaweza kuchagua. Kampuni ya Norwegian klabu ya matineja inaanza 13, dada mtu atabaki na watoto wa chini na hapo jiandae kwa vilio. Umri unahesabiwa siku ya kuondoka na hawabembelezeki. Na uwapeleke klabu usiku wa kwanza kabisa hata kama wananuna, urafiki unafungwa siku hiyo.

Swali: Naogopa maji na naogopa watoto kudondoka baharini. Je ni salama? Pia nina mimba changa. (Mwoga)

Jibu: Mamangu, kingo za meli ni ndefu kuliko mtoto mdogo, hatari ni kiti. Kama mnachukua chumba chenye balkoni, viti na meza vikae mbali na ukingo na mlango ufungwe kwa komeo la juu muda wote. Bwawani Disney na Royal Caribbean wanaweka waokoaji, sio kila kampuni inafanya hivyo, na hata penye muokoaji mzazi ukae hatua moja na mtoto bila simu mkononi. Siku ya kwanza kuna zoezi la dharura, nendeni wote, watoto wadogo wanapewa bangili yenye namba ya kituo chao na nyie waombeni wahudumu vesti za kuokolea za saizi ya mtoto hapo hapo.

Ukiogopa kichefuchefu chagua chumba cha katikati ya meli, deki za chini. Kama utakuwa na kigari cha mtoto, epuka bandari ambazo meli inatia nanga nje na watu wanashushwa kwa boti ndogo, Santorini ni mojawapo.

Kuhusu mimba, kampuni nyingi hazikupokei kama utafikisha wiki ya 24 wakati wowote wa safari, hesabu mpaka siku ya kurudi sio siku ya kupanda, na uwe na barua ya daktari. Na kama unafikiria kusubiri ujifungue kwanza, mtoto anatakiwa awe na angalau miezi 6 siku ya kuondoka, na kwa safari za kuvuka bahari kuu ni miezi 12.