Picha Iliyochelewa: kwa mnaoanza kutuliza mabawa ya setilaiti kwa kamera

Mdogo wangu, siku utakayokabidhiwa meza ya majaribio utakuta vitu vitatu: ufito wa alumini uliobanwa upande mmoja, unaosimama badala ya bawa la setilaiti, kamera juu ya stendi, na kompyuta. Mikono itakuwasha kuikimbilia kompyuta. Mimi nilikimbilia huko huko, nikaupoteza karibu muhula mzima.

Anza na ufito. Uvute ncha yake sentimita tano, uachie, kisha kaa kwenye kiti uhesabu. Ukiwa na urefu wa mita 1 na unene wa milimita 1, utakwenda na kurudi mara moja kwa sekunde moja na kidogo. Hesabu za darasani zitakupa 0.8 Hz (mitetemo kwa sekunde) kwa modi ya kwanza, yaani namna ya kwanza ya ufito kutetemeka, 5.2 kwa ya pili, 14.4 kwa ya tatu na 28.3 kwa ya nne. Ziandike namba hizo nne ubandike ukutani, maana utazihitaji kabla ya ada ya muhula wa pili kufika. Halafu subiri uone ufito unachukua muda gani kutulia wenyewe. Utachoka kabla yake. Na hapo hewa ya maabara inausaidia; angani hakuna hewa.

Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani analijua tatizo lenyewe. Ukigeuka ghafla, maji yanaendelea na safari yake, yanapiga ukingo, yanarudi na kukuyumbisha wewe uliyeyabeba. Ndiyo maana mama zetu walitandaza majani juu ya maji. Setilaiti nayo imebeba mabawa ya sola marefu na mepesi: ukikigeuza chombo, mabawa yanabaki nyuma, yanarudi, na chombo kinayumba kikiwa kimeshaambiwa kitulie. Wamarekani walionjeshwa mapema. Explorer 1, iliyorushwa tarehe 31 Januari 1958, ilitakiwa izunguke kwenye mhimili wake mrefu kama risasi. Antena zake nne za waya laini zilichezacheza, zikala nishati ya mzunguko, na ndani ya saa chache ilikuwa ikipinduka kichwa chini miguu juu. Darubini ya Hubble, iliyokwenda angani mwaka 1990, watu wanaikumbuka kwa kioo kibovu tu. Lakini mabawa yake nayo yalikuwa yakijikunja kwa ghafla kila ilipoingia au kutoka kwenye kivuli cha Dunia, na darubini nzima ikitetemeka nayo. Wanaanga waliyabadilisha Desemba 1993, safari ile ile ya kurekebisha macho yake.

Kwa nini kamera? Kwa sababu huwezi kubandika vipima mwendo mia moja juu ya utando mwembamba bila kuujaza waya na uzito, na ukishaujaza si utando ule tena. Kamera haigusi kitu. Wazo ni la zamani: mwaka 1984 chombo cha anga cha Marekani, Discovery, kilikunjua bawa la majaribio la urefu wa mita 31, lililokuwa limekunjwa kwenye kifurushi cha unene wa sentimita 18, na mienendo yake ikapimwa kwa picha. Novemba 1995 chombo kingine, Atlantis, kilipotia nanga kwenye Mir, kituo cha anga cha Urusi, kamera zilirekodi jinsi bawa la kituo lilivyotikisika. Kazi nzuri sana, zisome. Ila angalia jambo moja unapozisoma: picha nyingi za aina ile zilichambuliwa baadaye, watu wamekaa ofisini na chai. Hakuna aliyekuwa akizisubiri. Wewe unataka picha iseme neno wakati mtetemo ungali hai, na hapo ndipo kazi inapobadilika jina.

Kamera haikuonyeshi bawa lilipo. Inakuonyesha lilipokuwa. Kihisio kinapokea mwanga kwa muda, kinasoma safu zake, data inapita kwenye waya, kompyuta inatafuta alama, inapiga hesabu, amri inakwenda kwenye vipande vya piezo (vinavyonyooka na kusinyaa vikipewa umeme) vilivyogundishwa kwenye shina la ufito, pale ulipobanwa. Kila hatua inakula milisekunde zake. Mpangilio wangu wa kwanza ulikula 80, na sikujua, kwa sababu sikuwahi kupima. Nilikuwa nimesoma kwenye karatasi ya kamera kwamba inapiga picha 30 kwa sekunde, nikadhani basi kuchelewa ni milisekunde 33.

Piga hesabu uone. Milisekunde 80 kwa mtetemo wa 0.82 Hz ni digrii 24 za mzunguko mmoja, si mbaya. Kwa mtetemo wa 5.15 Hz, milisekunde hizo hizo ni digrii 148. Fikiria unataka kuisimamisha bembea yenye mtoto kwa kuisukuma kinyume cha mwendo wake. Ukichelewa kidogo, bado unapunguza. Ukichelewa karibu nusu ya mzunguko, unamsukuma kule kule anakokwenda, na mtoto anapiga kelele za furaha.

Ufito wangu ulipiga kelele. Modi ya kwanza ilitulia vizuri mno, nikamwita mwenzangu aje aone. Akiwa anavuta kiti, tukasikia mvumo mdogo, ukakua, na katikati ya ufito na ncha yake vikawa vinatetemeka kinyume, huku sehemu moja kati yake imetulia tuli. Kipande kimoja cha piezo kilibanduka kabla sijafika kwenye swichi. Mtafiti wa udhibiti Mark Balas alishaandika mwaka 1978 jinsi amri iliyotungwa kwa modi chache inavyomwagikia modi ambazo hukuziweka kwenye modeli yako. Nilikuwa nimeisoma makala ile. Nilifaulu hata swali lake la mtihani.

Kwa hiyo kabla hujaandika mstari mmoja wa kudhibiti, pima kuchelewa. Njia rahisi: weka taa ndogo ya LED mbele ya kamera, iwashwe na kompyuta ile ile ya kudhibiti, kisha uhesabu muda kuanzia amri ya kuwasha mpaka programu yako iseme "nimeiona". Rudia mara elfu, uchore mtawanyiko wake. Huo mtawanyiko ndio utakaokunyima usingizi kuliko wastani. Mimi nachagua kuchelewa kwa milisekunde 40 kusikobadilika, naacha wastani wa 25 unaoruka mpaka 90 kila kompyuta inapokumbuka shughuli zake nyingine. Kuchelewa kusikobadilika unaweza kukuweka kwenye modeli: unaipa kila picha muhuri wa saa ya kupigwa kwake, kichujio cha Kalman (hesabu inayochanganya modeli na vipimo ili kukadiria hali ya ufito) kinarudi nyuma mpaka saa ile, kinasahihisha makadirio yake, kisha kinasogea mbele mpaka sasa hivi. Kunakorukaruka huwezi. Na zima ile huduma ya kamera kujipangia mwanga yenyewe, ndiyo inayobadilisha muda bila kukuaga.

Njia nyingine ya kupunguza muda ni kuacha kusoma picha nzima. Ukishajua alama ziko wapi, soma vidirisha vidogo vinavyozizunguka tu. Hapo utaona kwa nini sishauri mgeni aanze na mitandao ya neva, programu zinazojifunza kutokana na mifano, inayotambua kila kitu. Tunatafuta nukta nyeupe kwenye weusi. Kitovu cha mwangaza, kwa wastani wenye uzito, kinapatikana kwa hesabu ya darasa la sekondari na kwa muda unaojulikana. (Zamani watu walitaka mwanga wenyewe ufanye hesabu: lenzi inaweza kutoa mageuzi ya Fourier ya picha, yaani kuigawa katika mawimbi yanayoiunda, na kazi ya mtafiti Vander Lugt ya mwaka 1964 ilionyesha jinsi ya kutambua umbo kwa njia hiyo. Kompyuta zilipopata mbio, wengi walihama. Mimi bado naiona nzuri.)

Sasa zile namba ukutani. Kamera ya picha 30 kwa sekunde inaweza kusema ukweli kuhusu mitetemo iliyo chini ya 15 Hz tu. Modi yako ya nne, 28.3, haitatoweka, itavaa nguo nyingine na kujitokeza kama 1.7 Hz, karibu na modi ya kwanza, na kidhibiti chako kitaipokea kama mgeni halali. Kwenye kipima mchapuko, kinachopima jinsi kasi inavyobadilika, ungeweka kichujio cha umeme kabla ya kusoma. Kwenye picha huna pa kukiweka, isipokuwa kidogo sana kwa kurefusha muda wa kupokea mwanga, na hapo unalipia kwa ukungu wa mwendo. Dawa yake ni kamera yenye kasi zaidi, au kipima mchapuko kimoja kidogo cha kukwambia kama modi za juu zimeamka.

Mimi niliumwa na ndugu yake. Wiki tatu nilihangaika na mtetemo wa 10 Hz ambao haumo kwenye hesabu yoyote. Nilibana skrubu, nilibadilisha gundi, nilishuku feni ya chumba cha jirani. Zilikuwa taa za tyubu juu ya dari. Umeme wa 50 Hz unazifanya zimulike mara 100 kwa sekunde. Kamera ya picha 30 inaiona 100 kama 10, mwangaza wa alama unapanda na kushuka, na kitovu kinasogea sehemu ndogo ya pikseli. Ufito ulikuwa umesimama. Fundi wa jengo ndiye aliyeniuliza, akiwa juu ya ngazi, kama najua kwamba taa zile "zinapepesa".

Kuhusu usahihi sitakaa sana. Ukitazama mita 1.5 kwa pikseli 1280, pikseli moja ni kama milimita 1.2, na kwa kitovu kizuri utasoma sehemu ya ishirini ya hiyo. Legeza fokasi kidogo, nukta ienee pikseli sita au nane. Nukta kali sana inakunyima taarifa. Chagua kamera inayopiga safu zote kwa pamoja. Zile zinazosoma safu moja baada ya nyingine zitakuonyesha ufito umepinda kwa namna ambayo haukupinda.

Kuna mtego mwingine unaotokana na mahali pa kuangalia. Piezo ziko shinani, jicho lako liko nchani. Ukilisukuma shina, ncha huanza kwa kwenda upande wa pili kabla haijafuata. Robert Cannon na Eric Schmitz walilifanyia kazi hilo Stanford kwa mkono wa roboti unaopinda, wakapima ncha kwa jicho la mwanga, mwaka 1984. Mgeni akiona ncha inakwenda kinyume huongeza nguvu. Usiongeze. Weka pia kipima cha mpindo shinani, kikupe habari za haraka, kamera ikupe umbo zima polepole.

Na maabara si angani. Setilaiti ya mzingo wa chini huizunguka Dunia kwa kama dakika 90, hivyo kila baada ya muda mfupi jua linachomoza na kuzama, na ni wakati huo huo bawa linapotikiswa na joto. Yaani dakika unayoihitaji kamera zaidi ndiyo dakika mwanga unapobadilika kutoka giza mpaka mng'ao unaoipofusha. Kwa hiyo zima taa za maabara, umulike alama zako kwa mwanga wako mwenyewe, kisha mtu apitishe taa kali pembeni wakati kidhibiti kinafanya kazi. Fanya hivyo kabla profesa hajaalika wageni.

Mwisho ni diski. Hifadhi picha ghafi, pamoja na mihuri yake ya saa, hata programu ikishatoa namba, kwa sababu siku namba zitakapokataa kuelewana utataka kurudi kwenye picha. Kwa pikseli 1280 kwa 1024 na picha 100 kwa sekunde, dakika moja ni karibu GB 8. Mimi niliyafuta majaribio ya Februari ili kupata nafasi ya yale ya Machi, na mtetemo wa 10 Hz ulikuwemo kwenye yote mawili.