Kapi ulilolitoa kwenye meli iliyozama

Ndugu, umeuliza kama kapi la mbao (kifaa cha kupitishia kamba za meli) ulilolitoa kwenye meli iliyozama karibu na Plymouth, Uingereza, ni lako. Bado. Sheria ya Meli za Biashara ya 1995 inataka uliripoti kwa Mpokeaji wa Mabaki ya Meli, yaani afisa wa serikali anayeshughulikia mabaki hayo, ndani ya siku 28. Mwenye mali ana mwaka 1 wa kulidai.

Na tafadhali usilianike! Mbao iliyolowa miaka mingi ikikauka ghafla husinyaa na kupasuka, wala hairudi ilivyokuwa. Lizamishe kwenye ndoo ya maji, ufunike, uweke penye giza na ubaridi. Andika kina na mahali ulipolitoa.

Kadi ya BSAC au PADI, mashirika ya mafunzo ya kuzamia, inathibitisha mafunzo tu. Kuzamia eneo lililolindwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Mabaki ya Meli ya 1973 kunahitaji leseni.