Muziki wa Filamu: Maswali Yenu, Majibu Yangu

Ukilazimishwa kuchagua mtunzi mmoja tu wa muziki wa filamu, ni nani? – Msomaji, Kayole

Ennio Morricone, bila kusita. Alizaliwa Rome mwaka 1928 akafariki 2020, akiwa ametunga muziki wa filamu na vipindi vya televisheni zaidi ya 400. Wengi wetu tuliujua mluzi wake kabla ya kulijua jina lake. Katika The Good, the Bad and the Ugly (1966), noti mbili zinazopishana haraka zinaiga mlio wa koyote, mbwamwitu mdogo wa nyika za Marekani. Mlio huo unawafuata wale wanaume watatu wote, ila kila mmoja na sauti yake: filimbi kwa wa kwanza, okarina, ala ndogo ya kupuliza, kwa wa pili, sauti za watu kwa wa tatu. Hata ukifumba macho utajua nani ameingia.

Lakini ninachomhusudu zaidi ni namna alivyofanya kazi na Sergio Leone, mwongozaji aliyesoma naye shule ya msingi. Kwa Once Upon a Time in the West (1968), muziki ulikuwa tayari kabla ya kamera kuwashwa. Leone aliupiga palepale uwanjani, na waigizaji wakatembea na kugeuka kwa mwendo wake. Itazame ile sehemu mwanamke anaposhuka kwenye treni asipate wa kumpokea. Anapita ndani ya stesheni, kamera inapanda juu ya paa, na sauti ya mwimbaji Edda Dell'Orso inapanda nayo mpaka mji mzima unafunuka. Picha na wimbo vimezaliwa pamoja. Ndiyo maana ukiusikia leo bila picha, bado unauona ule mji.

Kwa nini muziki wa yule papa wa Jaws unatisha hivyo, na ni noti mbili tu? – Msomaji, Pangani

Kwa sababu noti hizo ndizo papa mwenyewe. Papa wa mashine aliyetengenezewa filamu hiyo ya 1975 aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo kwa muda mrefu hatumwoni. Mtunzi John Williams alipompigia mwongozaji Steven Spielberg noti zile kwenye piano, Spielberg alicheka akidhani ni mzaha. Sikiliza mwendo wake: zinaanza polepole, kisha zinaongeza kasi na uzito, na wewe unaanza kupima umbali uliobaki.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulipita. Watoto wawili wanapowatisha waogeleaji kwa pezi la bandia, muziki huo hausikiki kabisa. Williams hatudanganyi, na kwa sababu hatudanganyi, tunamwamini anapotuonya.

Kabla yake mtunzi Bernard Herrmann alifanya makubwa katika Psycho (1960) kwa ala za nyuzi peke yake. Mwongozaji Alfred Hitchcock alitaka mauaji ya bafuni yabaki bila muziki. Herrmann aliutunga hata hivyo, na Hitchcock alipousikia akabadili nia.

Wanangu wanasema wimbo wa mwanzo wa The Lion King ni Kiswahili, kwa kuwa kuna Simba na Rafiki. Ni kweli? – Baba, South C

La, baba. Ule mwito wa alfajiri ni wa Kizulu, na sauti ni ya Lebo M wa Afrika Kusini. Hans Zimmer ndiye aliyepata Oscar kwa muziki wa filamu hiyo ya 1994, na ni haki yake, lakini ukiwaambia wanao jina moja tu, waambie la Lebo M.

Filamu za wageni zinazopigwa Kenya, je, muziki wake unatusikia? – Msomaji, Lang'ata

Umeuliza ninaloliwaza sana. Anza na Mwingereza John Barry. Born Free (1966), ya simba Elsa, na Out of Africa (1985) zote zilipigwa hapa kwetu, na zote zilimpa Oscar. Ndege ndogo inapopaa na makundi ya heroe kutawanyika chini yake, fidla za Barry zinatanda kama nchi yenyewe. Naupenda muziki huo, na sitaki kumnyima mtu raha yake. Ila ni muziki wa mtu anayeitazama ardhi hii kutoka juu, akiwa karibu kuiaga. Vidole vya mpigaji wa hapa havimo katika ile sauti kuu.

Sasa linganisha na The Constant Gardener (2005). Mtunzi wake, Mhispania Alberto Iglesias, aliteuliwa kuwania Oscar, lakini kinachobaki masikioni mwangu ni Kothbiro, wimbo wa Kijaluo wa Ayub Ogada, uliokuwepo miaka mingi kabla ya filamu. Nyatiti, kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi nane, na sauti ya mtu mmoja asiye na haraka. Ogada alifariki mwaka 2019. Inaniuma kwamba wengi wa rika langu walimsikia mara ya kwanza kwenye filamu ya wageni.

Ludwig Göransson, Mswidi, alipopewa Black Panther (2018), alikwenda kwanza Senegal, akazunguka na mwanamuziki Baaba Maal, akarudi na ile ngoma inayosema, tama. Alisikiliza kabla ya kuandika. Mgeni anaweza, akikubali kwanza kufundishwa.

Mbona humtaji A. R. Rahman? – Msomaji, Ngara

Mtunzi huyo wa India ninamtaja kwa furaha. Alianza na Roja (1992), kisha Slumdog Millionaire ikampa Oscar mbili mwaka 2009. Katika filamu za Kihindi nyimbo hurekodiwa kwanza, ndipo waigizaji wazicheze mbele ya kamera. Labda ndiyo siri ya kudumu kwake.

Nasomea filamu na natengeneza filamu fupi ya dakika kumi na mbili. Nimtafute mtunzi lini? – Mwanafunzi, Juja

Leo, dada, hata kama hujapiga picha moja. Wengi wa rika lako humaliza kuhariri, wakajaza mapengo kwa wimbo walioupata mtandaoni, kisha wakamwomba mtunzi awaigie wimbo huohuo. Mwongozaji Christopher Nolan alimpa Zimmer ukurasa mmoja tu kuhusu mzazi na mtoto, bila kumwambia kwamba filamu ni ya anga za juu. Kutoka hapo ukatoka muziki wa Interstellar (2014). Hildur Guðnadóttir wa Iceland alianza kuitungia Joker (2019) baada ya kusoma mswada, na selo yake ikapigwa palepale mwigizaji Joaquin Phoenix alipokuwa akicheza dansi ya chooni.

Mpe mtunzi wako mswada, mkae pamoja, mkubaliane pia sehemu zitakazobaki kimya. Mpate mpigaji wa orutu, fidla ya Wajaluo ya uzi mmoja, au gitaa anayeishi karibu nawe, umlipe unachoweza, na mwandikiane haki za muziki huo ni za nani. Tamasha nyingi zitakuuliza karatasi hiyo kabla ya kuipokea filamu yako.