Hachibaki ya dizeli apewe mtu wa barabara ndefu

Swali lenu la wiki hii linauliza, kampuni ikikupa hachibaki (gari ndogo yenye mlango wa nyuma unaofunguka juu) ya dizeli utaipokea au utaomba wakubadilishie wakupe ya petroli? Mi naipokea kwa mikono miwili, lakini naipokea kwa sababu ya barabara ninazopita, na hapo ndipo nataka wakubwa wanaogawa magari wanisikilize vizuri.

Kazi yangu ni kuuza dawa za mifugo, nakaa Tororo hapa Uganda, na eneo langu ni Mbale, Soroti, Kapchorwa, na Kampala nikiitwa mkutano. Gari nilopewa ni ndogo, otomatiki, injini lita 1.5 ya dizeli, imekuja imetumika kama magari yetu mengi. Watu wakiiona wanafikiri ni ya kupeleka watoto shule tu. Sasa hawajui dizeli yenye tabo, ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini, inavyovuta. Chukueni mfano wa Mazda Demio ya dizeli iliyotoka Japani mwaka 2014, ile ya otomatiki iko na torki, yaani nguvu ya kuvuta, ya Nm 250, na inaipata injini ikizunguka polepole tu, kuanzia mizunguko 1,500 kwa dakika, wakati ile ya petroli ya lita 1.3 iko na Nm 121. Ni zaidi ya mara mbili! Ukiwa na makatoni ya dawa nyuma na unapanda Kapchorwa ndio unaielewa hiyo namba, manake kule juu hewa inakuwa nyepesi, injini isiyo na tabo inaanza kuchoka na wewe unakanyaga mafuta mpaka chini, lakini tabo inasukuma hewa ndani yenyewe na gari inapanda bila kelele. Na ukishuka ukashika lami ya kwenda Soroti, lita moja inanipitisha kama kilomita 20, na dizeli kwetu mara nyingi iko chini ya petroli kidogo kwa bei. Januari 2022 madereva wa malori walipogomea vipimo vya korona huko Malaba na Busia, mafuta yakaadimika na bei ikapanda vibaya sana, sisi tuliokuwa na magari yasiyokula mafuta ndio tulioendelea kufikia wateja. Mkulima ng'ombe wake anaumwa hajali mafuta yamekwama wapi.

Sasa tugeuke upande wa pili. Kampuni yetu ilinunua magari ya aina hii kadhaa, na moja wakampa mkubwa mmoja pale Kampala kwa sababu ya cheo chake tu. Huyu mzee anaishi Ntinda, ofisi iko Industrial Area, asubuhi anaingia jam ya Nakawa, jioni anarudi kwa jam hiyo hiyo, Jumamosi sokoni, basi. Gari haipati moto hata siku moja. Na dizeli za siku hizi ziko na filta ya masizi kwenye ekzosi, yaani bomba la moshi, makanika wanaiita DPF, inakusanya yale masizi meusi alafu ikijaa kompyuta ya gari inaongeza dizeli kidogo ili ekzosi ipande joto kufika kama digrii 600 na masizi yaungue. Hiyo kazi inataka barabara wazi na mwendo usiokatika kwa dakika kadhaa. Ukizima gari katikati, kesho ukazima tena, keshokutwa tena, filta inaziba, na ile dizeli iliyoongezwa nyingine inateremka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi na kipimo chake kinapanda badala ya kushuka. Ukichomoa kijiti cha oili ukaona imezidi alama na hakuna mtu aliyeongeza, usiseme afadhali oili ipo, peleka gari gareji siku hiyo hiyo.

Gari ya mzee ikawasha taa ya njano, ikapoteza nguvu, gareji wakamwambia "mzee, hiki kitu tukitoe tu, tunakata tunachomelea, kompyuta tunaidanganya." Wengi wanakubali. Mi napinga kabisa, na napinga kwa moyo wote, kwa sababu ile filta ndiyo inayozuia masizi yasiingie kifuani kwa yule wa boda aliyesimama nyuma yako kwenye taa, na kwa mama anayechoma gonja, zile ndizi mbivu, kando ya barabara kutwa nzima. Hewa ya Kampala tayari ni mbaya. Dawa ya gari kama ile ni kuipeleka barabara ndefu, au kama imeziba sana iondolewe isafishwe kwa mtu anayejua. Northern Bypass, barabara inayozunguka Kampala, ikiwa wazi asubuhi mapema inasaidia, au ile expressway ya Entebbe, ni shilingi 5,000 tu kupita, lakini nani atakuwa analipa hiyo pesa ya barabara kila wiki ili kuchoma masizi? Mpeni petroli mzee wa watu.

Mimi nilishaandika barua kwa anayesimamia magari yetu, ile ya Ntinda ije kwa mwenzangu wa Lira ambaye anashinda barabarani na petroli, na ile petroli iende Kampala. Cheo kiangaliwe kwenye mambo mengine, gari iangaliwe kilomita.

Kuna kitu kingine watu wa manunuzi hawapendi kusikia, oili. Hizi injini zinataka oili ya majivu kidogo, kwenye kopo angalia kama imeandikwa kiwango cha ACEA C3 au ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, sio oili yoyote ya lori iliyobaki stoo, manake majivu ya oili yakishaingia kwenye filta hayaungui kama masizi, yanakaa humo. Na filta ya dizeli ibadilishwe mapema na maji yatolewe, mafuta ya jerikeni ya kando ya njia mi siweki hata nikibembelezwa, injekta za kisasa, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini, zinafanya kazi kwa presha kubwa sana na tone la maji linaziua.

Na kodi, wengi wanaisahau. Gari ya kampuni ukiitumia kwa mambo yako, sheria ya kodi ya mapato inahesabu asilimia 20 ya thamani ya gari kwa mwaka kama mapato yako, kulingana na siku ilizokuwa kwako. Gari ya milioni 40 ni milioni 8, na kama uko kwenye asilimia 30 ya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, hiyo ni milioni 2.4 kwa mwaka, laki mbili kila mwezi. Dizeli au petroli ni sawa tu, kwetu haiangaliwi. Uingereza ndio wanapima kwa kaboni inayotoka kwenye ekzosi, tangu Aprili 2002, ndiyo maana dizeli zilijaa sana kwenye kampuni za kule.

Kampuni yetu ikichoka na magari inawauzia wafanyakazi. Hii yangu nimeshamwambia mhasibu aandike jina langu juu ya wengine wote kwenye orodha ya wanunuzi, na faili yake ya sevisi nipewe pamoja na funguo.