Kwenda kuona Andrews Geyser ukiwa na goti bovu

Shikamoo mama. Umesema unatoka Ngamiani kwenda kwa binti yako North Carolina, Marekani, unataka kuiona Andrews Geyser, chemchemi ya kutengenezwa inayorusha maji juu, ila goti linakusumbua. Nenda, mama yangu.

Jina lisikuchanganye: geyser ni chemchemi ya maji ya moto, lakini haya si ya moto kama ya Galanos hapa Tanga. Ilijengwa na watu karne ya 19, reli ilipopanda mlima. Maji yanashuka kwa bomba kutoka bwawa la juu, na mteremko wenyewe ndio unaoyarusha.

Binti aulize kwanza halmashauri ya mji wa Old Fort, ilipo chemchemi hiyo, kama panafikika, maana kimbunga Helene cha 2024 kiliharibu sana huko. Relini msikanyage. Goti likivimba, muone daktari kabla ya safari.

Simameni pia kwenye kumbukumbu ya wafungwa, wengi wao weusi, waliokufa wakijenga reli ile. Babu yangu alibeba mataruma ya reli hapa Tanga, nililia pale.