Kifuniko Kipya Hakiponyi Ubao Uliooza

SWALI: Mimi na kaka yangu tuna boti ndogo ya faiba inayotembeza watalii katika Ziwa Naivasha. Viti vyake sita vimepasuka mishononi, sponji hukaa na maji siku kadhaa baada ya mvua, na abiria hushuka nguo zimelowa. Fundi mmoja hapa Nairobi anatushauri tuvike vifuniko vipya juu ya vile vya zamani ili tupunguze gharama. Je, ushauri huo unafaa? (Msomaji, Umoja)

JIBU: Ndugu msomaji, ninakusihi usikubali. Ukivika kifuniko kipya juu ya cha zamani, maji yaliyomo ndani ya sponji yatakosa pa kutokea, ubao ulio chini utaendelea kuoza pasipo mtu kuuona, na pini ulizozipiga leo zitang'oka kwa sababu hazina mti mzima wa kushika. Utakuwa umelipa fundi mara mbili kwa kazi moja.

Anza kwa kufungua kiti kimoja, ukipindue, kisha uuchome ubao kwa ncha ya bisibisi, hasa kwenye kingo na kando ya skrubu. Ncha ikizama bila nguvu, ubao huo umekwisha na hauna tiba. Plaiwudi iliyotengenezewa boti ndiyo bora, kwa kuwa tabaka zake hushikwa na gundi isiyolegezwa na maji, lakini bei yake ni kubwa. Mfuko usiporuhusu, chukua plaiwudi ya kawaida ya milimita 12 isiyo na mapengo ndani, uikate kwa kufuata ubao wa zamani, utoboe kwanza matundu yote ya skrubu na ya kuchuja maji, ndipo uipake epoksi, yaani gundi ya maji inayokauka na kuwa ngumu isipenye maji, mara mbili au tatu. Ninasisitiza utaratibu huo kwa sababu plaiwudi huanza kunywa maji kwenye kingo na ndani ya matundu, na anayetoboa baada ya kupaka huwa ameyafungulia maji mlango.

Sponji ya godoro hufyonza maji, lakini si lazima uiache kabisa. Weka chini tabaka la sponji isiyopitisha maji, ya aina ile inayotumika katika mikeka mingi ya mazoezi, na juu yake uweke sponji ngumu ya kawaida. Funika juu na ubavuni kwa karatasi nyembamba ya plastiki, ukiacha upande wa chini wazi ili maji yatakayopenya mishononi yapate njia ya kushuka. Ukikuta vipande vyepesi vya povu gumu vimejazwa ndani ya benchi lenyewe, usivitoe kwa kudhani ni takataka, kwa maana huenda ndivyo vinavyoizuia boti isizame inapojaa maji. Hapo hakuna akiba inayostahili kufanywa.

Kwa kifuniko, vinaili (kitambaa cha plastiki kinachofanana na ngozi) ya sofa za nyumbani haifai. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na karibu na ikweta, na jua la huko huikausha vinaili isiyo na kinga hadi ikapasuka. Nunua iliyotengenezewa boti au matumizi ya nje, ya rangi nyeupe au ya kijivu hafifu, kwa kuwa nyeusi huunguza mapaja ya abiria. Uzi uwe wa poliesta, kwani wa pamba huoza na wa nailoni hudhoofishwa na jua upesi zaidi. Mwambie fundi aache nafasi ya milimita 4 hadi 5 kati ya tundu na tundu. Mshono uliobanana sana huitoboa vinaili mfululizo hadi ikachanika kama stempu.

Pini na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hapa una nafuu ambayo mwenye boti wa Lamu hana: Naivasha ni ziwa la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kwa hiyo chuma hicho cha daraja la 304 kinatosha, wala huna haja ya kulipia daraja la 316 linalokusudiwa kustahimili chumvi.

Akiba yenu itoke katika jasho lenu. Fumueni vifuniko vya zamani kwa wembe, mviandike namba kipande kwa kipande, mvitumie kama vielelezo vya kukatia, kisha mpeleke vipande vilivyokatwa kwa fundi wa viti vya magari mwenye cherehani nzito, ili mlipie kushona peke yake. Pesa zikiwa chache, tengenezeni viti viwili vizuri kwanza, na vingine vingoje.

SWALI: Viti vya boti yetu havijapasuka, ila vina madoa meusi ya kuvu. Je, nivisugue kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe? (Msomaji, Dagoretti)

JIBU: Hapana. Dawa hiyo hula uzi na kuondoa utando unaoilinda vinaili, hivyo kuvu hurudi ikiwa na mahali pazuri zaidi pa kushika. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji isiyo kali na brashi laini, suuza, kisha usimamishe viti kivulini penye upepo hadi vikauke pande zote. Madoa yakitokea tena mahali palepale baada ya siku chache, kuvu imo ndani ya sponji, na itakubidi ukifungue kiti.