Kebo ya siriali ya kituo cha hali ya hewa: pima volti kwanza, lehemu baadaye

Kuunga kituo na kompyuta, kwa kawaida nyaya tatu zinatosha: ya kutuma, ya kupokea na ya ardhi. Kazi ni kujua ipi ni ipi. Rangi usiziamini, kila kiwanda kina mpangilio wake. Multimita ndiyo shahidi.

Anza na kompyuta. Kwenye poti ya DB9, ile ya siriali yenye pini tisa, pini 2 hupokea, 3 hutuma, 5 ni ardhi. Namba zimechorwa kwenye plastiki kando ya pini, ndogo mno. Mulika tochi uzisome. Plagi ukiigeuza upande wa kulehemu, kushoto kunakuwa kulia, na hapo ndipo kebo nyingi huharibikia. Weka multimita kwenye volti 20 za DC, ncha nyeusi pini 5, nyekundu pini 3. Poti ikiwa imetulia utasoma volti hasi, mara nyingi kati ya -5 na -12. Hiyo hasi ni alama ya mtumaji.

Sasa nenda kwenye kituo. Kikiwa kimezimwa, tafuta kwa mlio wa multimita waya unaoshikana na upande hasi wa umeme wake. Kwa kawaida huo ndio ardhi. Kiwashe, upime nyaya zilizobaki. Unaotoa volti hasi ni wa kutuma, unaenda pini 2 ya kompyuta. Wa kupokea unaenda pini 3. Mtumaji akiunganishwa na mtumaji hakuna kinachoungua, ila hutaona hata herufi moja.

Ukikuta 3.3 au 5 chanya isiyobadilika, simama. Hiyo ni TTL (ishara ya volti ndogo, kati ya sifuri na 3.3 au 5), si RS-232 (ile ya poti ya kompyuta, inayopanda chanya na kushuka hasi), na volti za kompyuta zinaweza kuiua chipu ya kituo. Weka MAX3232, chipu ya kubadili volti hizo, katikati, pamoja na kapasita zake za 0.1 µF, au tumia adapta ya USB ya TTL yenye volti zilezile za kituo.

Na ukisoma sifuri kila mahali, usikimbilie kusema kituo kimekufa. Viko vinavyokula umeme wa poti yenyewe kupitia pini 4 (DTR) na 7 (RTS), ambazo ni za ishara za udhibiti. Kwa vituo hivyo, nyaya tatu hazitoshi. Ongeza hizo mbili, na programu iziwashe jinsi kitabu cha kituo kinavyotaka.

Kebo ya mtandao ya Cat5 inafaa, ila chagua jozi kwa akili: waya wa kutuma usokotane na ardhi, wa kupokea usokotane na ardhi nyingine. Ukiweka kutuma na kupokea kwenye jozi moja, ishara zinavujiana, na kadiri kebo inavyorefuka ndivyo data inavyochafuka. Mita 15 ni umbali wa kuaminika. Kwa mamia ya mita, hamia RS-485, mfumo wa siriali wa masafa marefu. Kebo ikiwa na ngao ya nje, iunganishe na ardhi upande mmoja tu. Inayopita nje ya nyumba inahitaji kinga ya radi; radi haihitaji kupiga mlingoti wenyewe ili kuunguza poti.

Kabla ya kuunga kituo, shikanisha pini 2 na 3 kwenye ncha ya mbali ya kebo, fungua programu ya siriali, zima udhibiti wa mtiririko (flow control), kisha andika chochote. Herufi zikirudi, kompyuta na kebo ni nzima. Kipimo hiki hakiambii kama umebadilishana nyaya hizo mbili, maana zikipinduka bado zitarudisha herufi.

Sasa weka kwenye programu kasi ya data ya kituo. Mpangilio wa biti 8, bila pariti (biti ya kukagua makosa), biti 1 ya kikomo (stop bit) ndio ulioenea. Takataka kwenye skrini maana yake kasi si sahihi, au TTL imeingia moja kwa moja kwenye RS-232 ikiwa imepinduliwa. Kimya kina sababu nyingine pia: Davis Vantage Pro2, aina ya kituo inayotumia kasi ya biti 19200 kwa sekunde, husinzia, na lazima uitumie mstari mpya na kusubiri ijibu kabla ya kuipa amri. Isipoamka ndani ya sekunde 1.2, rudia.

Kwenye Linux, ukinyimwa ruhusa ya /dev/ttyUSB0 (jina la poti ya adapta ya USB), jiongeze kwenye kundi la watumiaji lenye ruhusa hiyo, dialout kwenye Debian na Ubuntu, utoke na kuingia upya. Data ikija nusunusu, tafuta programu ya pili iliyoshikilia poti hiyohiyo kabla hujarudi kwenye pasi ya kulehemu.